Kabla ya Spika, Angalia Adapta



Mfunguo Mosi ukiingia, maswali yenu kwangu huwa ni ya nguo, udi, mapazia na seti za sufuria. Siku hizi limeongezeka jingine, na linaulizwa zaidi na mabibi harusi wanaopanga ukumbi wao wa kwanza: "Dada, spika gani nzuri ya kusikilizia Qur-ani na mawaidha nyumbani?"

Jawabu langu linawashangaza wengi. Nawaambia wasianze na spika. Waanze na kile kidude cheusi kinachochomekwa ukutani, adapta, ambacho muuzaji hukitia kwenye boksi mwisho kabisa na hakuna anayekitazama. Amplifaya haina nguvu yake yenyewe. Inachukua umeme inaopewa na adapta, inaufinyanga ufuate sauti ya msomaji, kisha inausukuma kwenye spika. Umeme ukiingia na uchafu, uchafu huo mtausikia. Ukiingia mdogo, sauti itakatika pale pale inapotakiwa kuwa kubwa.

Wapishi mtanielewa haraka. Mchele uwe mzuri namna gani, tui likipita kwenye kifumbu kilichotoboka, machicha yatakutwa kwenye wali. Adapta ndiyo kifumbu chetu.

Msione kuwa ni jambo dogo. Katika Suratul Aaraf tumeamrishwa kuwa Qur-ani inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Basi sisi tunanyamaza, watoto tunawanyamazisha, feni tunaizima, halafu spika yenyewe inavuma mmmm tangu Bismillahi mpaka mwisho wa sura.

Kwetu aliyeumizwa na mvumo huo ni mama mkwe wangu. Macho yake hayaoni tena herufi za msahafu, lakini amehifadhi mengi tangu chuoni, na kila baada ya Isha huwekewa kisomo naye akafuata kwa midomo. Kijana wetu mmoja alimletea zawadi, amplifaya ndogo ya kidijitali na spika mbili za mbao, ili asitegemee simu za watu. Zawadi ilikuwa nzuri na niya ilikuwa nzuri zaidi. Lakini baada ya wiki chache nikaona anakunja uso. Sauti ikiwa ya chini, mvumo unafunika maneno. Ikipandishwa, sini na swadi zinakuwa kitu kimoja, na msomaji akivuta pumzi na kunyanyua sauti, spika zinakwaruza. Usiku mmoja akaniambia, "Mwanangu, zima tu. Masikio nayo yameshakwenda, yamefuata macho."

Neno lile liliniingia. Nikamwekea msomaji yule yule, sura ile ile, kwenye simu yangu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini alifuata aya hadi aya bila ya kukwama. Nikamwambia, "Mama, masikio yako yapo. Nipe siku mbili."

Nilichukua vyombo vyote, na adapta yake, nikaenda kwa fundi wa redio Mlandege, mzee aliyeanza kazi zama za kanda. Akaunganisha, akaweka kisomo, akagusisha mita yake kwenye waya wa adapta. Kimya, mita ilisoma volti 12 na kitu. Alipopandisha sauti, namba ikaanza kucheza na kushuka mpaka tisa. Akacheka kidogo. "Bi mkubwa, amplifaya yako nzima na spika zako nzima. Zina njaa."

Adapta inafanya nini hasa

Aliyonieleza fundi nimeyahakiki baadaye na kuyaelewa, nami nayaleta kwenu kwa lugha ya nyumbani.

Umeme wa ukutani kwetu ni wa volti 230, nao hauendi upande mmoja. Unakwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Amplifaya ndogo haiutaki huo. Inataka umeme mdogo unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri. Kazi ya adapta ni kuupunguza, kuunyoosha, na kuutuliza. Hatua ya kutuliza hufanywa na vifaa vinavyoitwa kapasita. Mfano wake ni mtungi: maji ya bomba yakija kwa vipindi, mtungi ukiwa mkubwa utaendelea kuteka bila ya kujua kuwa bomba limekatika. Mtungi ukiwa mdogo, utasikia kila kikatikio. Ule mvumo mzito ndivyo vikatikio hivyo. Unavuma mara 100 kwa sekunde, kwa sababu kila mwendo wa kwenda na wa kurudi unahesabiwa, na juu yake kuna mivumo mingine midogo inayopanda mpaka kwenye sauti ya binadamu.

Adapta ziko za aina mbili. Ya kwanza ni nzito, ina transfoma ya chuma na shaba ndani yake. Ikitengenezwa vizuri, ikawa na kapasita za kutosha na kifaa cha kushikilia volti zisicheze, hutoa umeme mtulivu sana. Ikitengenezwa kwa kubana, huvuma. Ya pili ni nyepesi, kama chaja za simu na za laptopu. Hii hukatakata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, kasi ambayo sikio halisikii, kisha huusafisha. Zamani wapenzi wa sauti waliikimbia, lakini nzuri za siku hizi hazina kasoro, na hushika volti zake barabara. Mbovu zake huleta mluzi mwembamba na huingilia redio. Kwa hivyo msichague kwa aina, chagueni kwa ubora.

Kusoma kibandiko

Hapa ndipo nataka kila bi harusi apajue, kwa sababu ni elimu ya dakika tano na inalinda vyombo vyako vyote.

Kwanza, volti. Tazama nyuma ya amplifaya imeandikwa inataka ngapi, kisha adapta itoe hizo hizo. Zikizidi kiwango cha juu, unaunguza. Kama imeandikwa 12 hadi 24, basi una nafasi ya kuchagua. Nguvu ya sauti haipandi sawa na volti. Ukizidisha volti mara mbili, nguvu inayoweza kutoka huwa mara nne. Kwa spika za kawaida za ohmu 8, amplifaya hizi za kidijitali zikipewa volti 12 haziwezi kupita wati 9 hivi kwa kila spika kabla ya kukwaruza. Zikipewa 24, hufika kama 36. Boksi linaweza kuandikwa wati 50 au 100 kwa maandishi ya dhahabu, lakini likitiwa adapta ya volti 12, hesabu haibadiliki.

Pili, ampea. Hizi ni kiasi ambacho adapta inaweza kutoa ikiombwa. Ziwe sawa na zinazotakiwa, au zaidi. Wengi wanaogopa kuwa ampea nyingi zitaunguza chombo, na sivyo. Amplifaya huchukua inachohitaji tu, kama vile pipa kubwa halimlazimishi mtu kuoga maji yote. Zikipungua, adapta huchemka na sauti hukwaruza. Zidisha volti kwa ampea upate wati: adapta ya volti 12 na ampea 2 ni wati 24 tu. Ndiyo tuliyopewa sisi, na hata hizo haikuzifikia.

Tatu, alama ya AC au DC kwenye sehemu iliyoandikwa umeme unaotoka. AC huwa na mstari wa wimbi, DC mstari ulionyooka wenye nukta au vipande chini yake. Amplifaya nyingi ndogo zinataka DC. Nne, kile kichoro kidogo cha duara chenye alama ya kujumlisha na kutoa: kinaonyesha kama chanya iko katikati ya kichwa cha waya au nje. Kichoro cha adapta kifanane na cha amplifaya. Kikiwa kinyume, unaweza kuiua mara moja.

Tano, kichwa chenyewe. Vichwa vingi vya mviringo vina upana wa milimita 5.5 kwa nje, lakini tundu la ndani liko la 2.1 na la 2.5, na kwa macho vinafanana kama Hassan na Hussein. Cha 2.5 kikitiwa kwenye pini ya 2.1 kitaingia, lakini kitalegea, sauti itakuja na kuondoka, na pale penye mguso mbaya patachemka. Ukikitikisa na sauti ikakatika, kibadilishe.

Kibandiko kinaposema uongo

Mambo yote hayo yanategemea kuwa kilichoandikwa ni kweli, na sokoni si kila kilichoandikwa ni kweli. Yetu iliandikwa ampea 2. Fundi alipoifungua, ndani mlikuwa na transfoma ya kiasi cha kiberiti na kapasita moja pekee. Boksi zuri, ndani hewa.

Nikakumbuka kisa tunachofundishwa tangu chuoni, cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono wake ndani ya lundo akakuta majimaji chini. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua, na Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akawakana wanaoghushi. Kwangu mimi kisa hiki kinamfundisha muuzaji na mnunuzi pia. Muuzaji aweke kilicholowa juu. Mnunuzi asione haya kutia mkono ndani ya lundo.

Mkono wetu sisi unatiwa hivi. Pima uzito: adapta iliyoandikwa ampea nyingi lakini inahisi kama boksi tupu, iache. Tazama maandishi, herufi zilizokosewa na wino unaofutika kwa kidole ni dalili mbaya, na usitosheke na alama za ubora, kwani nazo zinaigizwa. Mwambie muuzaji aiunganishe na amplifaya hapo hapo dukani, apandishe sauti, muiache ifanye kazi. Baada ya nusu saa iguse. Kuwa na vuguvugu si neno. Ikiwa huwezi kuishika, au inatoa harufu ya plastiki, irudishe kwenye rafu yake. Muuzaji asiyekubali kujaribiwa kwa bidhaa yake ameshakupa jawabu.

Na ulizeni wenyewe, mabibi harusi. Kuna kasumba kuwa mambo ya umeme ni ya bwana. Lakini bwana akienda kazini, anayebaki ndani na adapta inayochemka karibu na pazia ni nani? Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, akijua mali yake inakwenda wapi na kwa mkono wa nani. Kusoma kibandiko cha vidole viwili hakutupunguzii stara.

Tulichochagua

Amplifaya yetu iliruhusu volti 12 hadi 24. Fundi hakutaka kuipeleka ukingoni. Alichagua adapta nyepesi ya volti 19 yenye ampea 4 na kitu, ya aina ya chaja za laptopu, akaipima kwa mita huku kisomo kinapiga kwa sauti ya juu, na namba haikutikisika. Akabadilisha kichwa kikaza vizuri. Bei yake haikufika ya kumtia bi harusi hina na piko. Amplifaya ile ile na spika zile zile tukarudi nazo nyumbani.

Usiku ule nilianza kwa kuiwasha bila ya kuweka kitu, nikasogeza sikio kwenye spika. Kimya. Kisha nikaweka Suratu Maryam kwa sauti ya chini kuliko tuliyozowea. Mama alifika aya ya tatu akaniashiria kwa mkono. Nikadhani anataka ipandishwe. "Punguza kidogo," akasema, "huyu anasoma kwa upole, tusimpigie kelele."

Masikio yake si ya kijana, na sitawaambieni kuwa adapta ni dawa ya uzee. Mwenye mzee asiyesikia ampeleke hospitali akapimwe. Lakini si haki mzee kubebeshwa kasoro ya kidude cha ukutani, akajiona ndiye tatizo, akajitenga na kitu pekee kinachomtuliza moyo.

Mvumo ukibaki hata baada ya adapta nzuri

Hutokea. Mara nyingi ni pale amplifaya inapounganishwa na televisheni, king'amuzi au laptopu, na kila kimoja kimechomekwa soketi yake. Vyombo viwili vikifika ardhini kwa njia mbili tofauti, umeme mdogo huzunguka kati yake kupitia waya wa sauti, na mtausikia. Jaribu kuchomoa waya wa sauti. Mvumo ukiondoka, adapta haina kosa. Chomeka vyombo vyote kwenye kebo moja ya soketi nyingi, na waya wa sauti usiupitishe sambamba na waya wa umeme. Laptopu ikivuma inapochajiwa tu, itumie kwa betri wakati wa darsa.

Nawaombeni jambo moja kwa msisitizo: msimruhusu mtu kukata pini ya tatu ya plagi, ile ndefu ya juu, ili kuondoa mvumo. Pini ile ndiyo inayoupeleka umeme ardhini chombo kikiharibika. Ukiikata, siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma, njia ya ardhini itakuwa ni mwili wako au wa mtoto wako.

Umeme wa kisiwani

Sisi wa Unguja tunajua kukaa bila ya umeme. Tuliokuwepo hatujasahau giza la kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipotuacha miezi mitatu tukaishi kwa jenereta na vibatari. Siku hizi kukatika ni kwa muda, lakini kinachoua vyombo zaidi ni kule kurudi, volti zinapopanda ghafla. Umeme ukikatika, chomoa adapta. Ukirudi, subiri dakika chache. Kama mtaani kwenu volti zinacheza, stebilaiza nzuri inafaa, na friji nayo itakushukuru. Ila jueni kuwa stebilaiza inashikilia volti tu. Haiifanyi adapta mbovu kuwa nzuri.

Wenye sola wana neema wasiyoijua. Betri ndiyo chanzo kitulivu kuliko vyote, kwa kuwa umeme wake hauna kwenda na kurudi hata kidogo. Kama amplifaya yako inakubali volti 12 mpaka 15 au zaidi, fundi anaweza kuiunganisha na betri moja kwa moja. Nasema 15 kwa sababu betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hufika 14 na kitu. Lazima pawe na fyuzi karibu na kichwa cha chanya, na betri ya maji ikae penye hewa, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Mkitumia inveta, ulizeni kama inatoa wimbi laini. Zile za bei rahisi zenye wimbi la kukatwakatwa huzifanya adapta za transfoma zingurume.

Kabla ya kufunga mzigo

Msiiweke adapta chini ya zulia, nyuma ya godoro wala kwenye mikunjo ya pazia. Ipate hewa. Wakati wa kulala, izimwe ukutani.

Na bajeti ya spika ikiwa ndogo, chukua spika za kawaida na adapta ya kweli, kuliko spika za fahari na adapta ya kughushi. Israfu si kununua cha bei kubwa peke yake. Kununua cha rahisi mara tatu nako ni israfu, na Qur-ani imetukemea ubadhirifu kwa maneno makali.

La mwisho, sauti ikiwa safi hamtahitaji kuipandisha. Jirani ana mtoto mchanga, ana mgonjwa, ana usingizi wake, na haki yake ipo hata kama kinachosikika ni kisomo.

Allah azijaalie nyumba zenu ziwe za utulivu, mabibi harusi wangu, na azijaze mapenzi na huruma. Atuhifadhie wazee wetu na masikio yao. Aamin.